Maji Yalitoka, Musa Hakuvuka: Huduma ya Kikristo Mikononi mwa Watu Wenye Dosari

Habari ikitoka kwamba mchungaji amekula fedha za mabati, au kwamba kiongozi wa kwaya amemtia mimba mwanafunzi, maswali matatu huingia kanisani kwa mlango mmoja. Ubatizo aliotubatiza na ndoa alizotufungisha bado ni halali? Mungu atamsamehe? Aendelee na kazi au aondoke? Kwa kuwa yote yanamhusu mtu mmoja, waumini hutafuta jibu moja la kuyamaliza. Wanaompenda husema, "Mungu amekwisha kusamehe, sisi ni nani?" na papo hapo wamemrudishia mimbari. Walioumizwa husema, "Kila alichofanya kilikuwa uongo," na papo hapo wamefuta ubatizo wa watoto wa parokia nzima. Pande zote mbili zina uchungu wa kweli, lakini kila upande umelijibu swali moja kwa jibu la swali jingine.

Kitabu cha Hesabu, sura ya 20, kinayatenganisha vizuri kuliko hotuba nyingi. Waisraeli wana kiu huko Kadeshi. Mungu anamwagiza Musa auambie mwamba utoe maji. Musa amechoshwa na manung'uniko. Anawaita watu waasi, anainua fimbo na kuupiga mwamba mara mbili. Maji yanatoka mengi, watu wanakunywa na mifugo yao pia. Mstari wa 12 unafuata bila kupumua: Musa na Haruni hawatawaingiza watu katika nchi ya ahadi. Hasira ya Musa haikuyazuia maji, na wingi wa maji haukumwondolea Musa adhabu. Wala hakutupwa: Kumbukumbu la Torati 34 husema Mungu ndiye aliyemzika, na Injili inamwonyesha mlimani akizungumza na Yesu. Watu walipata maji, mtumishi alipendwa hadi mwisho, na kazi yake ilikoma. Mambo hayo matatu yalikuwa kweli kwa wakati mmoja.

Neema haipimwi kwa mkono unaoitoa

Swali la kwanza liliamuliwa Afrika, upande wa kaskazini wa bara hili. Mwaka 303 Kaisari Diocletian aliamuru Wakristo wakabidhi Maandiko yao yachomwe, na baadhi ya viongozi wakakabidhi kwa hofu. Mateso yalipopita, kanisa la Kartago lilipata askofu aitwaye Caecilian, na wapinzani wakadai kwamba mmoja wa maaskofu waliomwekea mikono, Felix wa Aptunga, alikuwa msaliti wa aina hiyo. Uchunguzi ulimsafisha Felix, lakini mgawanyiko ulikwisha kuota mizizi. Kundi lililoitwa Wadonato likashikilia kwamba sakramenti ya mkono mchafu ni tupu, na aliyetoka upande wa pili likambatiza upya.

Augustino, askofu wa Hippo, alijibu kwamba abatize Petro au abatize Yuda, anayebatiza ni Kristo. Jibu hilo halikuwa la kuwatetea wakosaji. Liliwatetea waumini. Ubatizo ukitegemea moyo wa anayebatiza, hakuna hata mmoja wetu anayeweza kujua kama amebatizwa, kwa sababu hakuna anayeuona moyo wa padri wake. Mama aliyembeba mtoto hadi kisima cha ubatizo angelazimika kwanza kumchunguza mhudumu, halafu aliyemweka wakfu mhudumu huyo, halafu askofu wa kabla yake, bila mwisho.

Kanisa Katoliki liliyaweka mafundisho hayo wazi katika Mtaguso wa Trento mwaka 1547. Waanglikana wanayo katika Kanuni ya 26 ya zile Kanuni 39 za Imani, ambazo Kanisa la Uganda ni mrithi wake. Kwa hiyo makanisa haya mawili makubwa ya Uganda, yaliyotofautiana kwa mengi, hapa yanasema kitu kimoja. Jambo linalosikitisha ni kwamba Kanuni ya 26 husomwa nusu. Nusu ya kwanza husema uovu wa mhudumu hauzuii baraka kumfikia apokeaye kwa imani. Nusu ya pili husema wahudumu waovu wachunguzwe, washitakiwe na wanaoyajua makosa yao, na wakithibitika wavuliwe kazi kwa hukumu ya haki. Anayenukuu nusu ya kwanza ili kuiziba ya pili hajaielewa hata ile ya kwanza.

Kuna mipaka ambayo muumini anapaswa kuijua. Mhudumu mwenye dhambi ni jambo moja, na mtu ambaye hakuwekwa wakfu kamwe ni jambo lingine. Misa au kitubio cha padri wa bandia si kitu, hata kama ana sauti nzuri. Ubatizo una wigo mpana zaidi: Kanisa Katoliki linakubali kwamba katika dharura mtu yeyote anaweza kubatiza kwa maji na kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, akiwa na nia ya kufanya lifanyalo Kanisa. Tena sheria ya Kanisa hilo, kanoni ya 977, hukata kabisa hila moja: padri aliyezini na mtu hawezi kumwondolea mtu huyo dhambi hiyo hiyo; ondoleo hilo ni batili, isipokuwa katika hatari ya kifo. Binti akiambiwa, "Usijali, nitakuungamisha mwenyewe," ajue kwamba maneno hayo hayana nguvu yoyote.

Ndoa ina upande wa serikali pia. Nchini Uganda kanisa huhitaji leseni ya kufungishia ndoa, na hati ya ndoa lazima ijazwe na kutiwa sahihi na wanandoa, mashahidi na mhudumu. Mchungaji akianguka miaka mitano baadaye, ndoa yenu haitetereki. Lakini kama mlifungia ndoa mahali pasipo na leseni, na hamkupewa hati, mna tatizo hata kama mchungaji wenu ni mtakatifu. Hapo shida ni ya karatasi, nayo hutengenezwa kwa karatasi.

Katika makanisa ya walokole wa siku hizi swali huja kwa sura nyingine: "Kama ni mwongo, mbona wagonjwa wanapona?" Mathayo 7:22–23 imelijibu. Watakuja watu waliotoa unabii, waliotoa pepo, waliofanya miujiza kwa jina la Yesu, nao wataambiwa, "Sikuwajua ninyi kamwe." Mtu kupona kwenye mkesha kunaonyesha kwamba Mungu anamhurumia mgonjwa. Hakumpi cheti cha tabia aliyemwekea mikono.

Namugongo na Mengo

Wakristo wa Uganda hawana haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Kati ya 1885 na 1887 Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, aliwaua mashahidi 45 wanaokumbukwa kwa majina, 22 Wakatoliki na 23 Waanglikana. Wengi walichomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Walikufa pamoja bila kuulizana dhehebu. Januari 1892, haijatimia hata miaka 6, Wakatoliki na Waprotestanti walipigana kwa bunduki Mengo, wakigombea madaraka ya Buganda, huku Kapteni Lugard wa kampuni ya Kiingereza akiwapa Waprotestanti silaha. Baadhi ya waliopigana walikuwa wamesali chumba kimoja na waliokwenda Namugongo.

Ni vibaya kuficha Mengo ili Namugongo ing'ae, na ni vibaya pia kuitumia Mengo kusema Namugongo ilikuwa bure. Kila tarehe 3 Juni mahujaji wanapofika wakitembea kwa miguu, wengine kutoka Kenya na Tanzania, wanaheshimu imani iliyowafikia kupitia watu wa aina zote mbili, na mara nyingine kupitia mtu mmoja aliyekuwa na pande zote mbili ndani yake.

Uamsho wa Balokole, yaani waliookoka, ulizaliwa kutokana na uchovu huo wa Ukristo wa jina. Mwaka 1929 Simeoni Nsibambi na daktari Mwingereza Joe Church walikutana Namirembe, wakasoma na kuomba pamoja. Miaka ya 1930 moto ukawaka Gahini, Rwanda, ukashika Kigezi, Ankole, Buganda, kisha Kenya na Tanganyika. Njia yao ilikuwa kutembea nuruni, kama isemavyo 1 Yohana 1:7: ungama mapema, mbele ya wenzako, kabla dhambi haijafuga ndevu. Watu walirudisha walivyoiba. Walisema ukweli hadi wakachukiza: mwaka 1941 wanafunzi 26 walifukuzwa chuo cha theolojia cha Mukono.

Njia hiyo ilikuwa na mitego yake, na bado inayo kwenye vikundi vya ushirika vya leo. Kuungama hadharani hugeuka mashindano. Mtu huungama dhambi na kumtaja kwa jina aliyetenda naye, ambaye hakuomba kutajwa. Mume huliomba kanisa lote msamaha wa uzinzi kabla hajamwambia mkewe, naye mke asikia akiwa benchi la tatu. Kanuni inayofaa ni hii: dhambi iungamwe mpaka pale madhara yake yalipofika. Ikiwa ulimkosea mmoja, nenda kwa mmoja. Ikiwa ulikula sadaka ya kanisa zima, liambie kanisa zima. Na kila mtu aungame yake tu.

Msamaha hauna masharti ya fedha, toba inayo

Swali la pili ni jepesi kulijibu na gumu kuliishi. Mungu humsamehe anayetubu. Yuko tayari kumsamehe hata mwizi wa sadaka, hata aliyemharibu mtoto. Wanaotaka kulikana hili ili kuwatetea waathirika hawahitaji kufika huko, kwani msamaha haufuti deni la duniani.

Torati ilitoa hesabu. Walawi 6:5 husema aliyedhulumu mali airudishe kamili na aongeze sehemu ya tano. Mhazini aliyekula shilingi 500,000 hurudisha 600,000. Zakayo alijipangia mara nne. Siku hizi toba nyingi huishia kwenye machozi na wimbo, na paa la shule ya kanisa bado linavuja. Asiye na uwezo wa kulipa mara moja aandike mpango wa malipo, kiasi kwa mwezi, mbele ya mashahidi, kisha baraza liufuatilie. Asiyetaka hata kuandika bado hajatubu. Anajuta kukamatwa.

Ofisi ni amana, na hapa ndipo panapoharibika

Swali la tatu haliulizi hali ya roho, linauliza uaminifu unaoonekana. 1 Timotheo 3 hutaka msimamizi awe asiyelaumika, tena mwenye ushuhuda mwema kwa walio nje. Wauza mboga wa mtaani wana neno katika jambo hili.

Kizuizi cha kwanza ni aya moja inayotumiwa vibaya, "Msiwaguse masihi wangu," Zaburi 105:15. Isomeni zaburi yote. Inamzungumzia Abrahamu, Isaka na Yakobo wakiwa wageni wachache katika nchi za watu, na wanaoonywa ni wafalme wenye majeshi. Haihusu mwanakwaya anayeuliza hesabu ya sadaka. Na Daudi, aliyekataa kumwua Sauli kwa sababu ya mafuta aliyopakwa, alimkemea Sauli huyo huyo kwa sauti mbele ya askari wake. Mtumishi asiyeulizwa ni hatari kwa kundi lote. Uganda ilijifunza hili Kanungu, tarehe 17 Machi 2000, mamia ya waumini walipoteketea ndani ya jengo la ibada, baada ya miaka ya kuuza mali zao na kuwatii viongozi bila swali.

Kizuizi cha pili ni hoja ya Daudi na Petro: "Mbona hao waliendelea?" Daudi alikuwa mfalme, hakuwa mchungaji wa kanisa, na 2 Samweli haifichi bei aliyolipa nyumbani mwake. Petro alimkana Bwana kwa hofu, akalia usiku ule ule bila kufichuliwa na mtu. Hakuwa amemla kondoo aliyekabidhiwa. Anayefananisha hofu ya Petro na mchungaji aliyemwinda msichana wa shule ya Jumapili anamdhulumu Petro. Kwa wachungaji wanaojilisha kondoo ipo Ezekieli 34, na sauti yake si laini.

Kizuizi cha tatu ni upole wa Eli. Aliwakemea wanawe waliokuwa wakipora nyama za sadaka na kulala na wanawake mlangoni pa hema. Aliongea vizuri kabisa. Lakini 1 Samweli 3:13 yamlaumu kwamba hakuwazuia. Makanisa mengi yana Eli: anaonya, anaomba, anampa mhusika uhamisho kwenda parokia ambako hajulikani. Uhamisho wa namna hiyo ni kuwapelekea tatizo watu wasio na habari.

Utaratibu wa Mathayo 18:15–17 unajulikana: mwendee peke yako, kisha na mmoja au wawili, kisha kanisa. Unafaa kwa ugomvi, maneno makali, ulevi, deni. Haufai hata kidogo kwa uhalifu dhidi ya mtoto. Kumtuma binti wa miaka 14 "akazungumze kwanza na mchungaji wawili tu" ni kumrudisha mdomoni mwa simba. Vilevile agizo la 1 Timotheo 5:19, kwamba mashitaka dhidi ya mzee yapokewe kwa mashahidi wawili au watatu, linahusu hukumu ya kanisa. Halimzuii mtu kwenda polisi, maana uovu huu hutendwa mahali pasipo shahidi.

Kwa hiyo mtoto chini ya miaka 18 akiguswa, hatua ni hizi, na saa zinahesabika. Apelekwe kituo cha afya mara moja: dawa za kuzuia maambukizi ya VVU lazima zianze kabla ya saa 72 kupita. Asioge kwanza, nguo zisifuliwe, ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, kwani plastiki huozesha ushahidi. Polisi wana kitengo cha kulinda mtoto na familia, na uchunguzi wa daktari hujazwa kwenye fomu ya polisi namba 3A. Simu ya bure ya kuripoti unyanyasaji wa watoto ni 116. Mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, aarifiwe, lakini hana mamlaka ya kulimaliza kosa hili kwa mbuzi na bahasha baina ya familia mbili, na askofu hana pia. Mtuhumiwa asimame pembeni siku hiyo hiyo. Kusimama pembeni si hukumu. Humlinda hata yeye, asije akaonekana anawatisha mashahidi.

Fedha nazo huharibika kwa njia zinazojulikana, nyingi zikiwa ndogo. Sadaka ihesabiwe kabla mtu hajatoka, na watu watatu wasio wa nyumba moja. Kiasi kiandikwe kwa tarakimu na kwa maneno, wote watatu watie sahihi, na fedha zifike benki siku ya kazi inayofuata. Mnada wa matoke, kuku na mayai baada ya ibada ndiyo tundu kubwa lisiloangaliwa: watu hupandisha bei kwa furaha, husema "nitalipa Jumatatu," na hakuna anayeandika. Karani akae pale na daftari, jina, kitu, kiasi. Pesa za simu zisipokewe kwenye namba iliyosajiliwa kwa jina la mchungaji au mhazini. Akifariki au akigombana na kanisa, fedha ni zake kisheria hadi ithibitike vingine. Kwa Wakatoliki, kanoni ya 537 hudai kila parokia iwe na baraza la fedha. Kama lenu linaishi kwenye karatasi tu, ulizeni. Paulo mwenyewe, akipeleka mchango Yerusalemu, alikataa kuubeba peke yake (2 Wakorintho 8:20–21), na Paulo hakuwa mwizi.

Wanaojiona hawafai

Makosa yote hayo yana upande wake wa pili, usio na kelele. Yupo katekista aliyegombana na mkewe asubuhi, akaona hastahili kuongoza sala, akakaa nyumbani. Wapo wanaokaa bila meza ya Bwana miaka mingi. Paulo, katika 1 Wakorintho 11:28, anasema mtu ajihoji, na hivyo ale. Kujihoji ni njia ya kwenda mezani, si ya kuikwepa. Kuna tofauti kati ya udhaifu unaoupiga vita na maisha ya siri unayoyalinda. Wa kwanza aje, apatane na mkewe njiani, aongoze sala. Wa pili asimame, atafute wa kumwungamia, hata kama anajiona mzima.

Wengi wanaobaki benchi nchini Uganda wamefanya kwanjula, yaani utambulisho wa kimila kwa wazazi wa binti, wana watoto, lakini hawajafunga ndoa kanisani. Ukiwauliza, wengi hawaikatai ndoa, wanaogopa karamu: hema, keki, suti za wasimamizi, kamati ya michango. Ibada yenyewe haihitaji hata kimoja. Inahitaji matangazo ya Jumapili tatu, mafundisho, mashahidi wawili na hati. Parokia kadhaa hufungisha ndoa za pamoja, maharusi wengi ibada moja, bila karamu. Mchungaji anayewakemea watu hawa kila Jumapili bila kuwatangazia tarehe ya ndoa ya pamoja amefanya nusu ya kazi.

Jambo la mwisho husahaulika karibu kila mara mtumishi anapoondolewa. Anaishi nyumba ya kanisa, na mkewe na watoto hawakutenda kosa lolote. Baraza liamue juma hilo hilo, kwa maandishi, nani atapeleka chakula, nani atamtembelea mama, na familia itakaa hapo hadi lini. Muhula wa shule ukiwa katikati, wasihamishwe kabla haujaisha, na ada ya muhula huo kanisa lilipe.